Bei iliyokosewa si matabishi



Katika miezi hii tumepokea swali moja kutoka kwa vijana wa parokia zetu za mjini, na swali hilohilo limetujia kutoka kwa watoto wetu walio Ubelgiji, Ufaransa na Kanada. Wanauliza hivi: mtu akiona katika duka la intaneti kitu cha dola mia tano kimeandikwa dola tano kwa kosa, akakinunua haraka kabla mwenye duka hajashtuka, je, ametenda dhambi, au ametumia akili, au amepewa baraka? Swali hili si la mchezo. Kuna waliosimama katika ibada na kushuhudia kwamba Mungu amewafungulia mlango kwa njia hiyo. Tena kuna mmoja aliyeuza vitu alivyovipata hivyo, akaleta fungu la kumi la faida yake, na sisi mashemasi tukagawanyika: wengine walisema lipokelewe, wengine walisema lingoje. Kwa sababu hiyo imetupasa kuandika, tukiisha kusali, kusoma na kuulizana.

Tuwaeleze kwanza wazee wetu ambao hawajapata kununua kitu kwa njia hiyo. Duka la intaneti halina mlango, wala halina mama aliyeketi nyuma ya meza. Mnunuzi anaona katika telefone picha ya kitu na bei yake, anagusa, analipa kwa kadi ya benki au kwa fedha ya telefone, na kitu kinatumwa. Bei ile imeandikwa na mtu, au imewekwa na programu ya kompyuta ambayo mtu aliitengeneza. Basi kidole kikiteleza, sifuri inapotea, au nukta inakaa pasipo mahali pake. Mwaka 1999 huko Uingereza duka la Argos liliandika televisheni ya Sony kwa pauni 2.99 mahali pa pauni 299. Mwaka 2009 huko Marekani duka la Best Buy liliandika televisheni kubwa ya Samsung kwa dola 9.99, na bei yake ya kweli ilikuwa karibu dola 1,700. Maduka hayo mawili yalikataa kutoa mali kwa bei hizo, na watu wengi waliokwisha kuagiza walikasirika sana.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mashine ya duka inajibu yenyewe. Mtu akiagiza usiku wa manane, mara moja anapata barua ya kumshukuru na kumwambia oda yake imepokelewa, na mwenye duka yuko kitandani amelala. Sokoni mama akitaja bei vibaya tunauona uso wake, naye anauona wetu. Katika duka hili hakuna uso, na tunadhani ndiyo maana watu ambao hawawezi kumdhulumu jirani hata franka mia moja wanaona ni jambo jepesi.

Kati ya habari zote za namna hii, moja imetusaidia kuliko nyingine, kwa maana ilifika mahakamani na mambo yake yakawekwa wazi. Ilitokea Singapore mwezi wa Januari 2003. Kampuni ya Digilandmall ilikuwa inauza kwa intaneti mashine za kuchapa za HP, zile za leza za kufanyia kazi ofisini, kila moja dola 3,854 za Singapore. Mfanyakazi mmoja alikuwa katika mazoezi ya kuweka bei, na tarakimu za mazoezi zikapita mpaka katika duka lenyewe, mashine ikaonekana kwa dola 66. Siku chache zikapita pasipo mtu wa kampuni kutambua. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari, habari ikaanza kupita kutoka rafiki hadi rafiki. Watu 784 wakatuma oda 1,008, na jumla ya mashine walizotaka ilikuwa 4,086.

Kati yao walikuwamo watu sita wenye masomo makubwa, ambao hao sita peke yao waliagiza mashine 1,606. Fanyeni hesabu pamoja nasi: kwa bei ya kosa ni dola 105,996, na kwa bei ya kweli ni zaidi ya milioni sita. Kampuni ilipokataa, wakaishtaki. Walisema: bei iliandikwa, sisi tulikubali, na mashine ya kampuni ikatujibu kwamba imekubali; basi mkataba umekwisha kufungwa. Mahakama iliwakatalia mwaka 2004, na mahakama ya rufaa ikawakatalia tena mwaka 2005.

Hakimu hakusema kwamba bei ya chini ni haramu. Alitazama kile walichokuwa wakikijua. Aliona jinsi walivyopashana habari usiku, walivyokwenda kutafuta mahali pengine bei ya kweli ya mashine ile, na walivyofikiri juu ya kuiuza tena na kupata faida. Mtu anayeamini kwamba bei ni ya kweli haoni sababu ya kumwamsha rafiki yake saa nane ya usiku. Anayeamsha wenzake anajua kuna mtu mwingine ambaye, akiamka, atafunga mlango.

Ndugu zetu, sisi watu wa Kongo tunalo neno ambalo linatusaidia kulifahamu jambo hili kuliko mahakama yoyote. Neno lenyewe ni matabishi. Mtu akinunua meka mbili za unga pale soko la Kenya mjini Lubumbashi, au samaki pale Kadutu mjini Bukavu, akiisha kulipa anasema, "Mama, niongezee basi matabishi." Mama anatia mkono katika gunia na kuongeza kidogo juu. Pengine anacheka, pengine ananung'unika, lakini mkono ni wake na macho yake yanaona kinachotoka. Sasa, mama yuleyule akigeuka kumnyamazisha mtoto mgongoni, na sisi tukajiongezea wenyewe kiganja kimoja, hakuna mtu atakayekiita matabishi. Hata kama ni kidogo kuliko kile ambacho yeye mwenyewe angalitupa. Unga ni uleule na kipimo ni kilekile, ila mwenyewe hakuona.

Hapo ndipo tunaposimama katika swali hili. Bei kuwa ndogo si kosa. Kuomba ipunguzwe si kosa, maana muuzaji na mnunuzi wote wawili wanajua wanachofanya, na Mithali sura ya 20 inamjua vizuri yule mnunuzi anayedharau kitu sokoni kisha akifika njiani anajisifu. Tunacheka tukisoma hapo kwa sababu tunajiona wenyewe. Lakini ununuzi ni watu wawili kukubaliana, na mmoja akiwa hajui anatoa nini, na mwingine akijua kwamba yule hajui, basi aliyekubali ni mmoja tu. Yule mwingine amechukuliwa kitu akiwa amegeuka.

Wapo wanaotujibu: mbona wafanyabiashara wote wanaishi kwa kujua kile ambacho wengine hawakijui? Jibu hili lina nguvu, hatutalipita haraka. Ni kweli kwamba mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda mpaka Dubai au Guangzhou anajua bei ambayo jirani yake haijui. Ujuzi huo ameulipia kwa tiketi, kwa visa, kwa usiku wa kulala uwanja wa ndege na kwa mzigo uliokaa forodhani. Hakuna anayemdai aandike ukutani bei aliyonunulia. Lakini yeye anafanya faida kwa kujua hali ya dunia. Anayenyakua bei ya kosa hajui chochote juu ya dunia isipokuwa kwamba ulimi wa mwenzake umeteleza. Hatuoni kazi aliyoifanya ili alipwe.

Wale kati yetu waliosoma sekondari katika sehemu ya Latini na Filozofia wanamkumbuka Cicero, maana alitutesa sana. Katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliuliza swali ambalo ungedhani ameliona katika telefone ya kijana wa leo. Mtu anauza dhahabu akidhani ni shaba: je, mnunuzi mwema amwambie kwamba ni dhahabu, au ainunue kwa dinari moja, ijapokuwa thamani yake ni dinari elfu? Anaeleza kwamba wenye hekima wawili wa Wagiriki walishindana juu ya mambo ya namna hii, Diogene wa Babeli na Antipatro mwanafunzi wake. Mwalimu aliona kwamba inatosha kutosema uongo na kufuata sheria. Mwanafunzi aliona kwamba watu wote ni wa jamii moja, na kumficha mwenzako jambo ambalo angependa kulijua, ili upate faida, ni kuvunja jamii hiyo. Cicero alisimama na mwanafunzi. Hawa walikuwa wapagani, hawakuwa na Torati wala Injili, lakini walilishika.

Waingereza nao walihukumu shauri kama hilo mwaka 1939, kabla ya kompyuta kuja. Wafanyabiashara wa London walikuwa wanauza ngozi 30,000 za sungura wa porini kutoka Arjentina. Katika biashara hiyo desturi ilikuwa kuuza ngozi moja moja, na mazungumzo yote yalikwenda hivyo. Lakini katika barua ya mwisho bei iliandikwa kwa ratili. Ratili moja ilikuwa karibu ngozi tatu, kwa hiyo bei ikawa theluthi tu. Mnunuzi akasema haraka, "Nakubali." Mahakama ilisema huyu alijua, au ilimpasa kujua, na haikumpa kitu. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mahakama ya Singapore ilifuata njia hiyohiyo.

Na kuna Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio leo katika nchi ya Aljeria, Mwafrika kama sisi. Katika kitabu chake juu ya Utatu anasema kwamba kupenda kununua rahisi na kuuza ghali, watu wanafikiri ni tabia ya kila mtu. Kisha anasema alimjua mtu mmoja aliyeletewa kitabu cha kununua. Muuzaji hakujua thamani yake, akaomba kidogo sana. Mnunuzi akampa bei ya haki, kubwa kuliko ile aliyoombwa, na muuzaji akashangaa. Augustino hatuambii jina la mtu huyo. Tumependa kwamba hakumtaja, kwa maana anaweza kuwa mtu yeyote wa kanisa lolote.

Katika Biblia yenyewe tuna mahali pawili ambapo tungewaomba mfungue nyumbani. Mambo ya Walawi sura ya 25 inapokataza kudhulumiana, inamtaja anayeuza na anayenunua vilevile. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba mdhulumu ni mwenye duka tu. Mahali pa pili ni Mwanzo sura ya 43. Wana wa Yakobo walikuwa wamenunua ngano Misri, wakarudi, wakakuta fedha zao ndani ya magunia. Ngano imekuja na fedha imerudi! Wangeweza kusema ni baraka, tena wakati ule ulikuwa wa njaa kali, na Misri ilikuwa tajiri kuliko hema zao zote. Mzee Yakobo aliwaambia wairudishe fedha ile pamoja na fedha nyingine ya kununulia, kwa kuwa labda lilikuwa kosa. Walipofika, msimamizi wa nyumba aliwatuliza, akawaambia fedha yao ilikwisha kumfikia, na ile waliyoikuta ni hazina waliyopewa na Mungu wao. Tazameni jinsi jambo lilivyokwenda. Fedha ile ilikuwa zawadi kweli tangu mwanzo, lakini hawakuweza kuijua kuwa zawadi mpaka walipoibeba kuirudisha.

Sasa tuje kwa neno ambalo tunalisikia zaidi ya yote: "Shemasi, ile ni kampuni kubwa, ina mabilioni, haitasikia hata kidogo." Tuliposikia hivyo mara ya kwanza, sisi pia tulinyamaza kidogo, maana ni kweli kwamba maskini wa Kongo na kampuni ya Marekani si watu wa urefu mmoja. Lakini someni habari ya tarehe 12 Desemba 2014. Siku ile ya Ijumaa jioni, kati ya saa moja na saa mbili, vitu vingi katika duka la Amazon la Uingereza vilionekana vikiuzwa kwa peni moja. Peni moja, ndugu zetu, haifiki hata bei ya pipi. Jina la duka lilikuwa la Amazon, lakini mali nyingi ile haikuwa ya Amazon. Ilikuwa ya wauzaji wadogo, watu wanaofanya kazi na wake zao au waume zao nyumbani, ambao wanapanga vitu vyao katika duka lile kama vile mama zetu wanavyokodi meza sokoni. Walitumia programu iitwayo RepricerExpress, iliyotengenezwa kushusha na kupandisha bei kidogo kidogo ili washindane na wenzao. Jioni ile programu ilikosea, ikashusha kila kitu mpaka chini. Ilikuwa majuma mawili kabla ya Noeli, wakati ambapo akiba ya mwaka mzima ilikuwa imekwisha kununuliwa. Oda nyingi Amazon ilizifuta, lakini vitu vingine vilikuwa vimekwisha kutoka katika depo yake na kwenda. Wako wauzaji waliosema wanaogopa kufunga biashara yao.

Wanunuzi wa jioni ile walifikiri wanaidhulumu kampuni kubwa, na mkono wao ulikuwa katika gunia la mama wa sokoni. Hakuna aliyeweza kuona hayo kutoka katika telefone. Na hata pale ambapo mali ni ya tajiri kweli, kuna mfanyakazi aliyeandika tarakimu, naye kesho ataitwa ofisini. Tunao watoto wetu wengi wanaofanya kazi za namna hiyo huko ng'ambo, usiku, katika depo na katika ofisi. Hatungependa kosa la kidole chao liwe sikukuu ya mtu mwingine.

Neno la pili wanalotuambia ni hili: wao wakituibia hawarudishi. Duka likikata fedha mara mbili, mnunuzi ndiye atakayepiga telefone siku tatu. Kuna hata maduka yanayoandika bei ya uongo kwa makusudi ili kuvuta watu, kisha yanasema samahani, ilikuwa kosa. Hayo tunayajua na tunayachukia. Mtu akivutwa kwa bei ya uongo, ana haki ya kudai, na tutamsaidia kuandika barua. Lakini hilo ni shauri lingine. Mama wa sokoni akiwahi kunipunja wiki iliyopita, nitamwambia uso kwa uso, sitangoja ageuke.

Neno la tatu halina haja ya maneno mengi. Wanasema ni artikle 15, kila mtu ajitafutie. Artikle hiyo hatujaiona katika Katiba yoyote, na kila aliyeibiwa kwa jina lake anajua ina maana gani.

Tusiwafunge watu mzigo usio wao. Kuna anayenunua pasipo kujua. Mwezi wa Januari 2002, Kodak ya Uingereza iliandika kamera yake kwa pauni 100 mahali pa pauni 329. Maelfu wakaagiza. Bei ya theluthi inaweza kuwa ya kweli: tunaona vitu vikipunguzwa hivyo mwisho wa mwaka, au vinapokuwa vya zamani. Kampuni kwanza ilikataa, kisha ikakubali kuwapa watu kamera zao kwa bei ile. Mtu aliyeagiza kamera moja kwa ajili ya nyumba yake, akidhani ni punguzo, hatuna neno naye. Hakuna anayedaiwa kuchunguza moyo wa kila muuzaji kabla ya kulipa.

Lakini kila mtu anajua katika tumbo lake alipokuwa. Kama anahitaji telefone moja na ameagiza ishirini, amejua. Kama amefanya haraka ili awahi kabla ya "kurekebisha", neno hilo lenyewe limemshtaki. Na kama imempasa kuongeza uongo mdogo, jambo limekwisha kuharibika. Mwezi wa Februari 2015 tiketi za ndege za United, za kiti cha mbele kutoka London kwenda Marekani, zilionekana kwa bei ya chini ya dola mia moja, kwa sababu ya kosa la kubadili fedha ya Denmark. Ili kuipata bei hiyo, mnunuzi alipaswa kuandika kwamba yeye yuko Denmark. Maelfu ya watu ambao hawajafika huko waliandika hivyo. Kampuni ilizifuta tiketi, na serikali ya Marekani haikuilazimisha kuzitoa.

Wengine wamefanya kutafuta makosa kuwa kazi: wanalinda bei mchana na usiku kama mvuvi analinda ndoano, na kukiwa na kosa wanaitana. Kwa hao hatuna cha kupunguza. Mlinzi akiona mlango wa jirani umeachwa wazi, anabisha hodi. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, haimwachi mtu hata ajifiche asimwone ng'ombe wa ndugu yake aliyepotea.

Juu ya lile fungu la kumi, tulikubaliana mwisho kwamba lingoje, na mwenye kulileta alielewa. Hatukumfukuza wala hatukumtangaza mbele ya watu. Tulimwonyesha Zakayo, ambaye siku ya kubadilika kwake hakuanza na sadaka kwa hekalu. Alitaja maskini na wale aliowadhulumu. Sehemu moja ya kumi ya mali ambayo tisa zake ni za mtu mwingine haiwezi kuwekwa mezani. Na tunawaomba wasimamizi wa ibada wasipokee ushuhuda wa namna hiyo kabla ya kuuliza. Watoto wanasikiliza.

Msidhani kwamba jambo hili ni la wenye kadi za benki tu. Hapa kwetu fedha ya telefone inatumwa kila dakika, na namba moja ikikosewa, shilingi ya mjane, kama tunavyosema, inaangukia mfukoni mwa mtu asiyemjua. Sheria ya mikataba ya nchi yetu, ile ya 30 Julai 1888, inamtaka aliyepokea kwa kosa kitu kisicho chake akirudishe, na inataka mapatano yatimizwe kwa nia njema. Tena mbadilisha fedha wa kando ya barabara, yule tunayemwita kambiste, akihesabu noti jioni akiwa amechoka na akazidisha, upungufu ule unatoka katika chakula cha usiku cha nyumba yake. Watu wetu wengi wanamrudishia. Tumewaona. Mtu huyohuyo anayerudi mita mia mbili kumpa kambiste noti yake, kwa nini anyamaze mbele ya picha ya telefone?

Basi afanye nini yule ambaye kitu kimekwisha kumfikia? Aandike kwa muuzaji, maneno machache: nilinunua kitu hiki kwa bei hii, nimeona ni kosa, mnataka nifanye nini? Watoto wetu walio ng'ambo wanajua mahali pa kuandika. Muuzaji akisema lipa iliyobaki, aangalie kama anaweza. Akiwa hawezi, arudishe kitu. Gharama ya kurudisha ni ya yule aliyekosea bei, na kumwomba ailipe si ukosefu wa adabu. Akisema kaa nacho, akae nacho kwa amani, kwa maana hapo mwenyewe ameona kinachotoka mkononi mwake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ndege za Cathay Pacific, ambazo siku za mwisho wa mwaka 2018 ziliuza viti vya gharama kubwa kutoka Vietnam kwenda Amerika kwa sehemu ndogo sana ya bei. Kampuni iligundua kosa, ikakubali yenyewe kuwachukua watu, ikawatakia na mwaka mwema wa 2019.

Na muuzaji asipojibu? Vijana wametuuliza hilo mara nyingi kuliko mengine. Tunasema aandike mara ya pili, na kitu kikae katika karatasi yake mwezi mmoja, kisiuzwe wala kisitumiwe. Mwezi ukiisha pasipo jibu, aje tuzungumze, yeye na mashemasi wawili, tuone ni kitu gani na ni cha nani. Hatuna jibu moja kwa kila kitu. Saa ya Alhamisi, baada ya sala ya jioni, tuko pale ofisini.